Nakshi Yako, Kitambaa Chako: Mwongozo Kamili kwa Mbunifu Chipukizi wa Mavazi Lubumbashi

Vijana wengi wa Lubumbashi wanaotaka kuwa wabunifu wa mavazi huanzia sokoni. Wanakwenda soko la Kenya, mtaa wa hapahapa mjini, wanachagua kikwembe (kitenge) chenye rangi kali, wanampelekea fundi, na nguo inatoka nzuri. Sina ugomvi na kikwembe. Mama zetu wamekivaa harusini na msibani, na kuna vikwembe vinavyotunzwa sandukuni kama hati ya nyumba. Lakini nakshi iliyo juu yake ilikwisha kubuniwa na mtu mwingine, mara nyingi mbali sana na hapa. Kampuni ya Vlisco, ambayo kitambaa chake tunakiita hollandais na kukifanya kipimo cha ubora wa vingine vyote, ilianza Helmond, Uholanzi, mwaka 1846, na wax yenyewe, yaani kitambaa cha nakshi za nta, ilizaliwa kwa kuiga batiki za Java. Anayekata kikwembe kama hicho anabuni mshono tu. Kitambaa amekikuta kimekwisha kusema.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kitambaa nacho kiseme kwa sauti yake. Tutaanza na kuchimba kwenu, tutachora alama, tutaitengenezea muhuri wa shaba, tutaipiga kwa nta ili rangi isiingie hapo, tutatia rangi, ndipo tutakata na kushona. Mwishoni tutaangalia namna ya kuieleza kazi yako mbele ya watu. Kwa mkusanyo wa kwanza, nguo tatu zinatosha kabisa. Anayeanza na kumi na tano huishia kurudia wazo moja mpaka linachakaa.

Hatua ya 1: Chimba kwenu kabla ya kushika penseli

Mji wetu ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, na uliwakusanya watu kwa ajili ya shaba. Walamba walikuwapo, Wasanga na Wabemba walikuwa jirani, na kampuni ya machimbo ya Union Minière ikaleta wafanyakazi kutoka mbali, Wakasai wakiwa wengi. Ndiyo maana kijana wa Katuba au Kamalondo akiulizwa kwao ni wapi, anaweza kutaja sehemu tatu bila kudanganya. Kwa mbunifu, hiyo ni mali.

Chukua daftari, nenda kwa wazee wako, uliza mambo madogo yanayoshikika. Usiulize "utamaduni wetu ni upi", maana utajibiwa hotuba. Uliza: Mikono ya babu ilifanya kazi gani? Bibi alisuka nini, mkeka, kikapu, au nywele, na mistari yake ilikwendaje? Kuna kitambaa gani ndani ya nyumba hii ambacho hakiruhusiwi kugawiwa? Udongo wa kwenu ni wa rangi gani mvua ikinyesha? Andika majibu kama yalivyosemwa, na omba uoneshwe kitu chenyewe pale kilipo. Kichore hapohapo, hata kama mkono unatetemeka. Picha ya simu piga baadaye, kwa sababu jicho likishajua kwamba simu imeona, lenyewe linalegea.

Nikupe mifano ya hazina iliyo karibu nasi.

Ikiwa kwenu ni Kasai, una majirani Wakuba, ambao kitambaa chao cha rafia kinajulikana dunia nzima. Wanaume ndio hufuma kitambaa chenyewe kwa nyuzi za majani machanga ya mtende wa rafia, wanawake ndio hutia nakshi. Angalia kwa karibu kile cha Washoowa, kundi mojawapo la Wakuba, kinachofanana na mahameli: mshonaji anapitisha uzi wa rafia kwa sindano chini ya nyuzi za kitambaa, hafungi fundo, kisha anaukata kwa kisu kidogo na kuacha kishungi kifupi kilichosimama. Kishungi kwa kishungi, pembe na misalaba inajitokeza. Hakuna mchoro uliotangulia kwenye kitambaa, nakshi iko kichwani. Na ukifuata mstari mmoja utaona unabadili mwendo katikati, unakuwa mnene, unahama. Kinachoshangaza ni kwamba jicho halichoki. Mbunifu anapaswa kukaa na kitambaa kama hicho saa nzima.

Ikiwa kwenu ni upande wa Moba na ziwa Tanganyika, Watabwa wana pembetatu zinazopangwa safu baada ya safu, balamwezi, kuandama kwa mwezi mpya. Waliichonga kwenye sanamu, wakaichora mwilini. Waluba wana lukasa, ubao wa mti wa kushikwa mkononi uliopambwa kwa shanga na makombe. Watu wa chama cha Mbudye walisoma humo historia ya wafalme kwa kupitisha vidole. Fikiria: nukta ya rangi fulani, mahali fulani, inabeba jina la mfalme. Hapo nukta imeacha kuwa pambo. Lukasa ilikuwa ya waliofunzwa, kwa hiyo usiinakili kama ilivyo na kuibandika mgongoni mwa koti. Jifunze kwake namna ya kupanga, kisha panga kumbukumbu za ukoo wako mwenyewe.

Na kama umezaliwa mjini na wazee wako wote wamezaliwa mjini, usidhani huna kitu. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua hapa karakana ya wachoraji iliyojulikana kama Hangar, na humo vijana watatu wakawa wakubwa: Pilipili Mulongoy, Bela Sara na Mwenze Kibwanga. Tafuta picha za kazi zao uzitazame kama mtu wa vitambaa. Pilipili anajaza uwanja wote kwa samaki, ndege na majani, hakuna pengo lililosahaulika. Bela anachora kwa vidole, rangi inakaa kwa nukta. Mwenze anajenga kila umbo kwa mistari mifupi inayokatana, utadhani picha imefumwa. Walikaa karakana moja, katika mji mmoja, na kila mmoja akatoka na alama yake. Kwa maoni yangu hilo ndilo somo kubwa kuliko yote ambalo Lubumbashi imempa mbunifu wa nguo.

Halafu kuna croisette, msalaba wa shaba. Shaba iliyeyushwa ikamiminwa kwenye kalibu kwa umbo la X, ikatumika kama fedha na kuzikwa pamoja na wafu. Wachimbuaji wa mambo ya kale wameikuta makaburini katika bonde la Upemba, na kadiri karne zilivyopita ilizidi kuwa ndogo. Ni umbo zuri mno kwa nakshi. Lakini ujue pia kwamba croisette tatu zilikuwa kwenye bendera ya Katanga iliyojitenga kati ya 1960 na 1963. Kuna mzee atakayeitazama nguo yako akaona fedha ya mababu, na mwingine akaona vita. Ukiitumia, uwe tayari kujibu wote wawili.

Hatua ya 2: Chagua alama moja uifanyie kazi mpaka iwe yako

Katika daftari lako sasa kuna vitu ishirini. Chagua kimoja. Hapa ndipo wengi wanapokwama, wanataka lukasa na croisette na ndege wa Pilipili katika gauni moja. Matokeo yake ni kelele.

Tuseme umechagua croisette. Ichore kubwa, halafu ndogo, halafu ichore nafasi iliyo kati ya mikono yake tu, bila msalaba wenyewe. Ikate vipande viwili na uvitenganishe. Ichore kwa mistari mifupi, kisha kwa nukta. Iinamishe. Ukijaza kurasa nane au tisa hivi, utaona kwamba mbili au tatu hazifanani tena na kitu chochote ulichokiona, ila bado zina damu ya kile ulichoanzia. Hizo ndizo zako.

Sasa ijaribu kwa kurudia. Kata mraba wa karatasi wa sentimita 8 kwa 8, chora alama ndani, fuatisha nakala kumi na sita kwenye karatasi laini ya kufuatishia, uzipange mezani. Zipange kwanza zikiwa zimenyooka, safu juu ya safu. Kisha sogeza kila safu wima ya pili ishuke nusu ya mraba, yaani sentimita 4. Mpangilio huu wa pili unaficha viungo, na jicho linapanda kwa mshazari badala ya kukwama kwenye mistari ya mlalo. Zigeuze nusu zitazame chini. Rudi nyuma hatua tano, ukodoe macho. Ukiona mfereji mweupe unaokatiza katikati ya nakshi, alama yako ina upande mmoja mtupu. Ongeza nukta au mstari hapo.

Usiruke kukodoa macho. Mteja atakiona kitambaa chako kwa mbali kabla hajakigusa.

Hatua ya 3: Muhuri wa shaba

Unaweza kuchonga muhuri wa mbao, na kwa rangi ya kupaka unafaa. Kwa nta, mbao inapoa haraka mno. Watu wa Java wanatumia mihuri ya shaba kwa sababu shaba inatunza joto na nta inabaki maji mpaka inapogusa kitambaa. Nasi tunaishi juu ya shaba. Tunao mafundi wanaoigonga kuwa picha na sahani, na vipande vinabaki chini ya meza zao kila siku. Sammy Baloji, mzaliwa wa mji huu wa mwaka 1978, amechukua nakshi za chale za mwilini akazichapa kwenye mabamba ya shaba, akazionesha hata Ulaya. Sisi tunaigeuza njia: shaba ndiyo itachapa nakshi kwenye kitambaa.

Nenda kwa fundi wa shaba na mchoro wako wa ukubwa kamili. Mwamkie vizuri, kaa, mwoneshe. "Papa, naomba unikatie ukanda wa sentimita 2 kwa kimo, mwembamba kiasi cha kukunjwa kwa koleo, tuufuatishe mchoro huu." Yeye atakukunjia kona ambazo wewe utazivunja. Ukanda unasimama wima kwa kingo, na kingo ndiyo inayochapa. Omba auunganishe kwa kulehemu juu ya fremu ya shaba au chuma yenye mkono wa kushikia, mkono wenyewe ufungwe kitambaa au mti, usije kuungua. Mwisho, sugua uso wa kuchapia juu ya msasa uliotandikwa kwenye kioo mpaka kingo zote ziguse kwa pamoja. Upande mmoja ukiwa juu hata kwa unene wa ukucha, robo ya alama yako haitatokea.

Nunua mabaki ya fundi, au bamba lenye mwenyewe. Shaba ya nyaya za umeme inayouzwa kwa kilo gizani, iache. Inatoka kwenye mitaa yetu, na nyumba zinabaki bila taa.

Hatua ya 4: Kitambaa

Unahitaji pamba tupu, nyeupe. Popelini ni rahisi kuanzia. Bazin ni pamba pia, ina mng'ao na nakshi yake ya ndani, lakini ni ghali kwa majaribio. Muuzaji atakuapia kwamba ni pamba asilimia 100, nawe omba nyuzi chache za pembeni uzichome. Pamba inaungua kama karatasi, inanuka karatasi, inaacha jivu laini la kijivu. Ikiyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi, ni poliesta au mchanganyiko, na rangi tutakayotumia haitashika.

Chora mraba wa sentimita 50 kwa penseli kwenye kona ya kitambaa. Kifue kwa maji ya moto na sabuni ili kutoa ule wanga wa kiwandani, kianike, kisha pima mraba tena. Sasa unajua kinarudi kiasi gani. Dondosha tone la maji: likizama papo hapo, kitambaa kiko tayari. Likikaa juu kama shanga, fua tena.

Hatua ya 5: Nta na rangi

Hii ndiyo hatua ndefu. Soma yote kabla ya kuwasha makala (mkaa).

Nta. Changanya nta ya nyuki na parafini, yaani mishumaa ya kawaida iliyotolewa utambi. Nusu kwa nusu inatoa nakshi safi. Parafini ikizidi, nta inapasuka na rangi inaingia kwenye nyufa, unapata ile mishipa myembamba ambayo wengine wanaipenda. Mimi naipenda kwa kiasi, kwenye vazi lenye uwanja mpana, lakini kwenye alama ndogo inaichafua. Nta ya nyuki iulizie kwa wanaouza asali ya porini.

Usiiweke nta moja kwa moja juu ya mbabula, yaani jiko la makala. Weka sufuria ya nta ndani ya sufuria pana yenye maji. Hapa kwetu, kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, maji yanachemka karibu nyuzi 96, kwa hiyo nta haitafika kwenye joto la kuwaka maadamu maji hayajakauka. Yaongeze kila mara. Fanyia kazi nje au barazani, watoto wawe mbali, mfuniko na ndoo ya mchanga viwe karibu. Nta ikishika moto, funika. Usimwage maji kamwe, yatarusha moto usoni.

Tandika kitambaa cha pamba kilichokunjwa ndani ya bakuli pana la chuma lisilo na kimo, nalo likae juu ya mvuke, umimine nta kidogo ilowe. Hapo ndipo muhuri utakapochotea. Acha muhuri ukae juu yake mpaka shaba yenyewe ipate moto, inua, kung'uta mara moja, gonga kitambaa, bonyeza kwa kuhesabu mbili, inua wima. Chini ya kitambaa tandika turubai lenye mchanga mbichi au blanketi kuukuu chini ya plastiki, ili muhuri uzame kidogo.

Kisha geuza kitambaa utazame mgongo wake. Nta nzuri imepenya, alama inaonekana kama doa la mafuta pande zote mbili. Ikiwa imekaa juu tu, nyeupe, ilikuwa baridi: chochea makala au gonga haraka zaidi. Ikiwa imetambaa na kingo zimevimba, muhuri ulibeba nta nyingi. Fanya majaribio kwenye mabaki mpaka alama tano zifuatane zikiwa sawa.

Kabla ya kugonga kitambaa chenyewe, kipigie mistari ya sentimita 8 kwa chaki na uzi. Anzia katikati, kwenda pembeni. Anayeanzia pembeni hufika katikati akiwa amepotoka, na katikati ndipo kifua cha nguo kitakapokaa.

Rangi. Hapa kuwa mwangalifu dukani. Unga mwingi wa rangi unaouzwa masokoni ni wa kuchemsha, na maji ya kuchemka yatayeyusha nta yako yote. Unachotaka ni rangi ya reaktivu, ile inayoshika pamba kwenye maji ya uvuguvugu. Pamoja nayo nunua carbonate de soude. Usiichanganye na soude caustique ya watengeneza sabuni! Ile inaunguza ngozi na macho. Soma kibandiko wewe mwenyewe, usitegemee neno la muuzaji.

Kwa nusu kilo ya kitambaa kikavu kilichopimwa kabla ya kutiwa nta, tumia maji lita 10, chumvi gramu 600, rangi gramu 10 kwa wepesi au 20 kwa ukolevu, na carbonate de soude gramu 100. Vaa glavu, funga pua na mdomo unapopima unga, kwa sababu vumbi la rangi hizi linadhuru mapafu. Koroga rangi kwanza na maji kidogo mpaka isiwe na madonge, tia chumvi, tia maji yote. Lowesha kitambaa kwa maji matupu, kiingize, kigeuze polepole dakika 20 bila kukikunja. Kisha kitoe pembeni, yeyusha carbonate katika chombo kingine, uimimine kwa awamu, urudishe kitambaa na uendelee saa nzima. Usiimimine juu ya kitambaa chenyewe, utapata mabaka.

Maji yawe ya uvuguvugu ambao mkono unaufurahia, basi. Mwezi wa sita na wa saba usiku wa Lubumbashi ni baridi kweli, na rangi ya reaktivu haipendi baridi, itashika nusu tu na kutoka kwenye fuo la kwanza. Miezi hiyo fanya kazi saa za mchana, ndoo ikae juani, uifunike. Mwezi wa kumi, joto likipanda, tatizo linageuka: nta inalainika kitambaa kikianikwa juani, kwa hiyo anika kivulini.

Ukitaka rangi mbili, anza na nyepesi. Tia rangi ya kwanza, suuza, kausha, piga nta kwenye sehemu unazotaka zibaki na rangi hiyo, kisha tia nzito. Kumbuka kwamba rangi ya pili haifuti ya kwanza, zinachanganyika. Njano ikipokea buluu inakuwa kijani, na ukicheza na vipimo utaifikia kijani ya malakiti, lile jiwe la madini ya shaba. Rangi ya chungwa ya shaba ikipokea buluu inakuwa kahawia, kama udongo wetu baada ya mvua. Ndiyo maana shaba na malakiti haziwezi kukaa kitambaa kimoja kwa kuzamisha tu. Mojawapo lazima uipake kwa brashi ndani ya mipaka ya nta. Wengi wanaoota rangi hizo mbili kwa pamoja, kwa sababu ndizo rangi za Katanga, hugundua jambo hili ndoo ikiwa tayari.

Kutoa nta. Suuza kwa maji baridi mpaka yawe meupe. Kisha chemsha kitambaa katika maji mengi yenye sabuni, ukikigeuza kwa mti. Nta inapanda juu. Acha maji yapoe, ivue ikiwa imeganda, ihifadhi kwa kitambaa kingine. Usimwage maji yenye nta kwenye mfereji, itaganda humo na kuziba. Rudia mara mbili au tatu, piga pasi juu ya magazeti ya zamani yanyonye iliyobaki. Umeme ukikatika, pasi ya makala inafanya kazi hii vizuri tu, ila futa majivu kwanza.

Sugua kitambaa kilichokauka kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kikibaki cheupe, una bidhaa. Kikichukua rangi, chemsha tena. Usimshonee mtu nguo itakayochafua shati la jirani yake kanisani.

Hatua ya 6: Kukata

Kuna njia mbili, na tofauti yake ndiyo inayomtenganisha mbunifu wa kitambaa na mnunuzi wa kitambaa. Njia ya kwanza ni kugonga kitambaa chote kisha kukata kama kikwembe chochote. Njia ya pili ni kuchora kwanza vipande vya nguo juu ya kitambaa cheupe, mbele, mgongo, mikono, kwa kutumia violezo vyako, halafu kugonga alama ndani ya kila kipande pale unapotaka ikae. Hivyo unaweza kuzifanya ziwe nzito kwenye pindo na chache mabegani, au kuacha mgongo mtupu na alama moja tu chini ya shingo. Kiwandani jambo hilo linahitaji mashine na maelfu ya mita. Wewe unahitaji chaki.

Ukifuata njia ya pili, acha sentimita 2 za mshono kila upande badala ya moja na nusu, na usikate mpaka rangi na kuchemsha viishe. Gonga alama zipite mstari wa mshono, zisiishie juu yake, la sivyo utapata ufa mweupe ubavuni.

Mkato wenyewe uwe rahisi. Nakshi inayosema sana haihitaji mikunjo na marinda na vifungo kumi. Shati pana, sketi iliyonyooka, koti lisilo na kola. Fundi wako akikwambia "Ya, tuongeze kidogo hapa begani," msikilize, anajua mwili kuliko wewe, lakini mwoneshe alama zilipo kabla hajaweka mkasi. Ukaribie mezani wakati wa kukata, kila mara.

Hatua ya 7: Daftari na bei

Kila kitambaa ulichotia rangi, bandika kipande cha ukubwa wa kiganja daftarini, pembeni andika vipimo, hali ya hewa, muda. Mteja akirudi mwakani akitaka ileile, utaipata.

Bei: jumlisha kitambaa, rangi, nta, makala, fundi, usafiri, na saa zako mwenyewe kwa malipo ambayo ungemlipa mtu mwingine. Hesabu yote kwa sarafu moja, dola au franka, usichanganye. Ndugu na marafiki watakuomba bei ya mwisho. Iamue kabla hawajafika.

Hatua ya 8: Jieleze

Siku moja utaulizwa wewe ni nani na kazi yako inatoka wapi, na swali hilo litakuja kwa maandishi, labda ukiomba nafasi ya maonesho. Lubumbashi tuna Picha, kituo cha sanaa ambacho kimekuwa kikiandaa Biennale ya mji huu, maonesho ya kila miaka miwili, tangu mwaka 2008, na watu wa nchi nyingi hupita hapo. Andika ukurasa mmoja, si zaidi.

Maelezo mengi ya vijana husomeka hivi: "Mimi ni mbunifu mwenye kipaji, napenda Afrika na rangi zake, naunganisha usasa na asili." Hayamwambii mtu chochote. Afrika ni kubwa. Linganisha na haya: "Nimezaliwa Katuba. Babu yangu alitoka Kasai kuja kufanya kazi ya shaba. Nachukua mstari unaobadili mwendo katikati, kama kwenye rafia ya Wakuba, naugonga kwa muhuri uliotengenezwa na fundi wa shaba wa mtaa wetu. Natumia rangi mbili tu, kwa sababu nataka alama isomeke kutoka ng'ambo ya barabara." Anayesoma anauona mkono wako ukifanya kazi. Hayo ndiyo maelezo: umetoka wapi, umechukua nini, umekifanya nini, kwa nini.

Tazama alivyofanya Anifa Mvuemba, mbunifu wa chapa ya mavazi ya Hanifa, mwenye wazazi Wakongo. Mwezi wa tano mwaka 2020, watu wakiwa wamefungiwa majumbani, alionesha mkusanyo wake Pink Label Congo kwenye Instagram kwa mavazi yaliyochorwa kwa kompyuta, yakitembea bila mwili ndani yake. Kabla ya nguo kutokea, watazamaji waliambiwa kwanza kuhusu machimbo ya koltani ya Kongo na watoto wanaofanya kazi humo. Sisi tunaoishi karibu na machimbo tuna zaidi ya kusema, na tunapaswa kusema kwa uangalifu zaidi. Usipige picha za mavazi mbele ya wachimbaji kana kwamba jasho lao ni mandhari. Ukitaka wawemo, waombe, waambie ni kwa ajili ya nini, na wape nakala.

Taja pia waliokusaidia: fundi wa shaba, mshonaji, bibi aliyekuonesha mkeka. Waulize kwanza kama wanataka majina yao yaandikwe, kisha yaandike kama wanavyoyatamka.

Unapomkabidhi mteja nguo, mwambie aifue peke yake mara mbili za kwanza, kwa maji baridi, aianike ndani-nje kivulini. Mpe na kipande cha kitambaa hichohicho, ukubwa wa kiganja. Siku ikichanika kwenye msumari wa taksi, atakuwa na kiraka chenye nakshi yake.